Kutoka Mizani ya Kambi hadi Chumba cha Maternele: Historia ya Malezi ya Watoto Wadogo katika Mji Wetu na Parokia Yetu



Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wameandika juu ya jengo la kanisa, juu ya mapadri waliotubatiza na kutufungisha ndoa, na juu ya waimbaji na vyama vya utume. Sisi tulipewa kazi ya kuandika juu ya walio wadogo kuliko wote, yaani watoto wa miaka 3, 4 na 5 wanaokuja kila asubuhi katika chumba cha maternele kando ya kanisa, pamoja na watoto wachanga wanaoletwa na mama zao kupimwa uzito. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha na kwa hofu kidogo. Historia ya watoto hao ina neema nyingi, ina jasho la mama zetu, na tena ina kosa moja letu sisi wenyewe, ambalo hatukuona haki kulificha. Katika Agano la Kale mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kufuta madeni na wa kumrudisha mtu nyumbani kwake. Basi haifai tuuadhimishe mwaka huo bila kujiuliza ni nani tuliyemfungia mlango.

Lakini ili tufahamu vema mahali tulipo, yafaa kwanza turudi nyuma, kwenye siku ambazo parokia yetu haijazaliwa bado.

I. Mji wa wanaume peke yao

Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Njia ya reli kutoka kusini ilifika mwaka uleule, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa katika tanuru za Union Minière du Haut-Katanga, kando ya mto Lubumbashi. Kanisa nalo halikuchelewa. Mwaka 1910 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuikabidhi kwa Wabenediktini wa abasia ya Saint-André ya Bruges, katika nchi ya Ubelgiji. Mkubwa wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyepata kuwa askofu na kuliongoza Kanisa la hapa hadi kufa kwake mwaka 1958. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911.

Katika mji huo mpya mlikuwa na moshi, chuma na wanaume, lakini sauti ya mtoto ilikuwa adimu. Wafanyakazi waliandikwa kwa miezi michache tu, wakaja peke yao, wakiacha wake na watoto vijijini. Walitoka Luapula, Rodezia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Walilala wengi katika nyumba moja na kula chakula kisichotosha, na magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliwaua wengi. Mwaka 1918 mafua makubwa yaliyozunguka dunia nzima yaliwapata na watu wa hapa. Aliyekufa aliandikiwa mwingine mahali pake. Tunalisema hilo bila chuki, kwa kuwa hao ndio babu zetu, na wengi wao hawana hata msalaba juu ya kaburi.

Mnamo miaka ya 1920 Kampuni iliona kwamba njia hiyo haifai tena. Watu wa kuandikwa walikuwa wachache, na yule aliyekwisha kujua kazi alirudi kijijini pamoja na ujuzi wake. Hapo ndipo ilipogeuza shauri. Tangu mwaka 1928 hivi ilianza kuwaandika watu kwa miaka mitatu na kuwaruhusu kuja na wake zao, hata kuwasaidia kuoa. Hivyo watoto wakaanza kuzaliwa kambini, na habari yetu inaanzia hapo.

II. Mizani ya kambi

Wazee wetu waliozaliwa katika kambi za Union Minière walikuwa wakisimulia juu ya mizani. Siku maalumu ya juma mama wote wenye watoto wachanga walijipanga mbele ya nyumba ya dawa. Mtoto alivuliwa nguo, akapimwa, na uzito wake ukaandikwa katika karatasi. Aliyepungua alitazamwa na mganga, na mama mjamzito aliongezewa posho. Watoto walioachishwa ziwa walipewa uji. Kazi hiyo iliitwa Ulinzi wa Utoto Mweusi, ndivyo Wabelgiji walivyosema nyakati zile, na mmoja wa viongozi wa siasa hiyo ya Kampuni alikuwa Daktari Léopold Mottoulle. Watawa wanawake walishika sehemu kubwa ya kazi hiyo pamoja na shule za wasichana na nyumba za kufundishia mama kushona, kupika na kutunza mtoto. Shule za kambi zilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki. Huko ndiko lilikozaliwa neno tunalolisikia hata leo kwa wazee, wanaposema kwamba mtoto yuko «gardienne».

Je, kazi hiyo ilikuwa njema? Tukubali kweli yote, pande zote mbili.

Upande wa kwanza, watoto wengi walipona ambao pengine wangekufa. Mtoto aliyepata maziwa, uji, dawa ya malaria na maji safi hakuulizwa ni kwa nini alipewa. Alikua, akaenda shule, akawa baba au mama yetu. Wale watawa waliokesha na watoto wenye homa Mungu anawajua, na sisi hatuwezi kuwanyima shukrani.

Upande wa pili, Kampuni haikufanya hayo kwa mapendo tu. Ilitaka wafanyakazi wa kesho, wazaliwa wa kambi, waliozoea kengele ya kazi tangu utoto. Mama zetu walikuwa na desturi ya kunyonyesha kwa muda mrefu na kuachanisha mimba kwa miaka. Wakubwa wa siku zile waliona desturi hiyo inapunguza uzazi, wakawahimiza waachishe ziwa mapema. Mizani ilimpima mtoto, na pamoja naye ilimpima mama, ijulikane kama anafuata amri. Tena mlango wa kambi ulikuwa mlango kweli. Mtoto wa mfanyakazi aliingia. Mtoto wa fundi wa baiskeli au wa mama muuza samaki katika Kamalondo, Kenya au Katuba alibaki nje, akitegemea misheni na serikali.

Watu walipata kusema kwamba Union Minière ndiyo baba, ndiyo mama. Neno hilo lilikuwa la shukrani. Baadaye tuliona kwamba lilikuwa pia la hatari, kwani baba wa namna hiyo anaweza kufa, na watoto wake wote wakawa yatima kwa siku moja.

III. Majina mapya, na shule zilizochukuliwa na kurudishwa

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye Katanga ilijitenga, na vita havikwisha mpaka Januari 1963. Katikati ya fujo hiyo, mwaka 1961, Maaskofu wa Kongo walichagua njia ambayo wakati ule wachache waliitambua ukubwa wake: Kanisa lisimame juu ya jumuiya hai za Wakristu, ndizo sisi tunaziita mashirika. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1966 mji uliitwa Lubumbashi. Januari 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na Taifa, na kampuni mpya ikapata baadaye jina la Gécamines. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire. Majina yalibadilika, lakini katika kambi maisha yaliendelea karibu kama zamani: hospitali, shule, mfuko wa unga kila mwezi, na mizani ya watoto.

Kwa shule za Kanisa jaribu lilikuja tarehe 30 Desemba 1974, serikali ilipozitwaa zote. Hazikukaa muda mrefu mikononi mwake. Tarehe 26 Februari 1977 iliandika mapatano na Kanisa Katoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, nayo makanisa yakarudishiwa uongozi wa shule zao, serikali ikibaki na wajibu wa kulipa walimu. Lakini walimu waliohesabiwa walikuwa hasa wa shule ya msingi na ya sekondari. Maternele zilikuwa chache, zikaishi kwa michango ya wazazi, ya mashirika ya watawa na ya makampuni.

Parokia yetu ilizaliwa katika miaka hiyo, Mhashamu Eugène Kabanga Songasonga akiwa Askofu Mkuu. Wakristu wa kwanza hawakufikiri juu ya maternele. Walikuwa na kanisa la kujenga, na kwa watoto wadogo kila mtu alitazama kwa Gécamines au kwa nkambo wa nyumbani. Sisi tunaoandika tulikuwa bado wadogo, na wengi kati yetu tulilelewa kwa unga huo wa Gécamines.

IV. Mfuko wa unga ulipokatika

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450.000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 40.000. Kati ya miaka hiyo miwili mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uporaji ukaharibu miji yetu mwaka 1991, vita vya ndugu kwa ndugu vikaitesa Katanga mwaka 1992 na 1993, na vipuri vya mashine havikuja tena. Walimu wa serikali hawakulipwa. Ndipo wazazi, kwa mapatano na Kanisa, walipoanza kumlipa mwalimu wenyewe ili shule zisifungwe. Jambo lililoanzishwa kama msaada wa muda mfupi lilikaa miaka mingi.

Mwisho wa safari ulikuwa mwaka 2003. Wafanyakazi wa Gécamines, ambao hawakupata mshahara kwa miezi mingi, waliitwa kuondoka kwa hiari na kupokea fedha ya kuagana nayo, iliyosaidiwa na Benki ya Dunia. Zaidi ya watu 10.000 waliondoka. Wengi walisema hiari hiyo haikuwa hiari. Fedha iliisha upesi, na pamoja nayo haki ya hospitali na ya shule. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu chetu, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi, aliwaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Hata kabla ya mwaka 2003 jina hilo lilikuwa kweli. Baada yake kila nyumba iliweza kushuhudia.

Ni nini kiliwapata watoto wadogo? Baba alibaki nyumbani bila kazi, na mama akawa ndiye mlishaji. Alfajiri alikwenda sokoni na beseni la mboga au la samaki, akarudi jua likizama. Mtoto wa miaka 3 aliachwa na dada yake wa miaka 9. Tuliokuwa tukifundisha katekisimu tuliona jambo hilo kwa macho yetu: wasichana wa shule ya msingi walikuja kwenye mafundisho na mtoto mgongoni, kisha hawakuja tena, wala kwenye shule hawakuonekana. Ndivyo tulivyofahamu kwamba mtoto mdogo asipopata mahali pa kukaa, watoto wawili wanapotea: yeye mwenyewe, na dada anayemlinda.

Tuliona na jambo lililo baya zaidi. Katika nyumba zenye njaa, kifo na ugomvi, watu walianza kumtafuta mwenye kosa, na mara nyingi walimpata katika mtoto, hasa yatima au mtoto wa mke wa kwanza. Aliitwa mchawi, akapigwa, akafukuzwa. Barabara za katikati ya mji zilijaa watoto hao. Wasalesiani waliwafungulia nyumba walizozipa jina la Isidore Bakanja, kijana mkatekista aliyekufa mwaka 1909 kwa kupigwa viboko kwa ajili ya imani yake, na kutangazwa Mwenyeheri mwaka 1994. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto ilikuja kumwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Hata hivyo sheria na nyumba ya Bakanja humpokea mtoto aliyekwisha kufukuzwa. Nani angemshika kabla hajafukuzwa?

V. Mwanzo wa chumba chetu

Jibu halikutoka kwa sisi wanaume tuliokuwa tukikutana katika baraza la parokia. Lilitoka kwa Mama Wakatoliki. Mama wawili watatu wa shirika moja walipatana kwamba wanaokwenda sokoni watawaachia watoto wao wale wanaobaki, na kila mmoja atoe kikombe kimoja cha unga. Mkeka ulitandikwa chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Mama mmoja aliyewahi kufundisha gardienne kambini aliwafundisha watoto nyimbo, kuhesabu kwa vijiti na kunawa mikono. Mashirika mengine yalisikia, nayo yakaleta watoto na unga. Mvua ilipoanza, Padri aliwafungulia chumba cha mikutano, na tangu siku ile chumba hicho hakikurudi tena kuwa cha mikutano.

Caritas ya parokia ilichukua kazi hiyo mkononi. Madirisha yalitiwa, viti vidogo vikatengenezwa na maseremala wetu, na darasa moja likawa mawili, kisha matatu. Muuguzi wa kituo cha afya alikubali kuja na mizani ya Consultation Préscolaire, ambayo mama zetu wanaiita CPS kwa kifupi. Hivyo mizani ya zamani ilirudi, lakini kwa roho nyingine. Katika mizani hii hakuna mkubwa wa kambi. Mama anajua uzito wa mtoto wake, anashauriwa juu ya kunyonyesha na chanjo, na akiona mtoto amepungua, jirani wa shirika lake anajua vilevile na anamtembelea.

Kisha ulikuja wakati wa kuwa shule kamili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilieleza kwamba maternele ni ya miaka mitatu, ingawa haimlazimishi mzazi kumpeleka mtoto. Tulitafuta walimu wenye diploma, tukafuata programu ya Taifa, tukapata mkaguzi. Mwalimu mwenye diploma anastahili mshahara; basi tukaweka minervali. Mwaka 2019 serikali ilianzisha masomo ya bure, lakini ni kwa shule ya msingi. Maternele ilibaki mgongoni mwa wazazi. Katika nchi yetu nzima, uchunguzi wa mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba hata mtoto 1 katika 10 wa miaka 3 na 4 hakuwa anapata elimu ya namna hiyo.

Chumba kilisifiwa. Wazazi wenye kazi nzuri, hata kutoka parokia nyingine, walileta watoto wao kwa sababu ya nidhamu na usafi. Tulifurahi. Hatukuona kwamba, kidogo kidogo, wale ambao mkeka ulitandikwa kwa ajili yao walikuwa wanapungua.

VI. Makala mlangoni

Sasa tufike kwenye kosa tulilolitaja mwanzoni.

Mwaka mmoja hesabu ilikuwa mbaya, na walimu walidai miezi miwili. Kamati, ambayo nasi tulikuwa ndani yake, iliamua kwamba mtoto asiyelipa arudishwe nyumbani mpaka atakapolipa. Asubuhi ya Jumatatu tulisimama mlangoni na daftari. Nkambo mmoja, mama mzee aliyekuwa akimlea mjukuu yatima, alikuja akimshika mtoto kwa mkono wa kuume, na kichwani mfuko mdogo wa makala. Aliuweka chini mbele yetu akasema: «Mwalimu, falanga haina. Makala njo hii. Mutoto asirudie mu barabara.»

Tulimjibu kwa upole, lakini tulimjibu kwamba haiwezekani. Daftari yetu haikuwa na safu ya makala. Kama tukimpokea huyu, wengine watasema nini? Aliinama, akatazama mtoto, akaondoka naye. Makala aliyaacha. Mpishi wa uji, ambaye hakujua neno lolote, aliyachukua na kupikia uji wa watoto waliobaki ndani.

Juma lililofuata dhamiri ilitusumbua, tukamtafuta kwa njia ya shirika lake. Jirani walituambia kwamba amekwisha kurudi kwa ndugu zake upande wa Kasenga. Mtoto hatukumwona tena.

Tangu siku ile tumesikia maneno mengi ya kututuliza: kwamba walimu walikuwa na haki yao, kwamba shule isiyo na fedha hufungwa, kwamba Kanisa haliwezi kulea kila mtu. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba shule iliyoanza kwa vikombe vya unga ilikataa mfuko wa makala. Katika kazi hiyo tulirudia bila kutaka desturi ya mlango wa kambi: aliye katika daftari aingie, asiyekuwemo abaki nje.

VII. Mipango ya miaka ijayo

Katika maandalizi ya jubilei baraza la parokia lilijadili habari hii zaidi ya mara moja, wala hatukukubaliana upesi. Wengine walisema: «Tazameni malori ya shaba yanayokwenda Kasumbalesa usiku na mchana. Nchi yetu leo ni ya kwanza katika Afrika kwa shaba. Sheria ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 inalazimisha makampuni kutoa sehemu kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji. Tuwaombe wabebe maternele yetu, na taabu itaisha.» Wengine walijibu: «Baba zetu walikuwa na kampuni iliyobeba kila kitu. Mnajua mwisho wake.»

Shauri lililopatikana ni hili. Zawadi ya kujenga tutaipokea kwa shukrani, iwe ya kampuni, ya jimbo kuu au ya rafiki wa ng'ambo, kwa sababu ukuta ukisha kusimama hauanguki siku mtoaji anapoondoka. Lakini mkate wa kila siku wa chumba, yaani mshahara wa mwalimu, uji na nafasi ya mtoto maskini, hautategemea mfuko wa mtu mmoja. Utasimama juu ya mashirika, kama Maaskofu walivyotufundisha tangu 1961. Kutokana na shauri hilo tumepanga mambo matano.

La kwanza ni kiti cha shirika. Kila shirika la parokia litajibu kwa kiti kimoja katika maternele. Shirika lenyewe, linalojua nyumba zake kuliko kamati yoyote, litamchagua mtoto anayestahili: yatima, mtoto wa mama mjane, mtoto anayelelewa na nkambo, au mtoto anayeanza kunong'onezwa uchawi. Mtoto huyo hatatajwa mbele ya wengine, wala hatavaa alama yoyote.

La pili ni daftari mpya. Itakuwa na safu ya fedha, safu ya unga, safu ya makala, na safu ya kazi ya mikono. Mzazi anayeweza kupaka chokaa au kurekebisha viti amelipa sawasawa na anayeleta noti.

La tatu ni haki ya walimu. Sadaka haiwezi kutolewa kwa jasho la mwingine. Sanduku la mshahara litatengwa na sanduku la Caritas, na kila tarehe ya kulipa litafunguliwa kwanza kabla ya matumizi mengine yote. Tumefanya hesabu kwa mfano rahisi: darasa likiwa na watoto 40, na 5 kati yao wakikaa katika viti vya mashirika, mzigo wa wale 5 ukigawanywa kwa jamaa zote za mashirika matano ni mdogo kuliko bei ya chupa moja ya soda kwa kila jamaa kwa juma. Ukiachwa kwa wazazi wa darasa peke yao, unawalemea. Ukiachwa kwa mwalimu, unamfukuza.

La nne ni afya. Tunataka chumba kidogo cha CPS kando ya maternele, ili mtoto apimwe na kuchanjwa pale anapochezea, na mama asipoteze siku ya soko. Tunataka vilevile kisima chenye pampu, na vyoo vinavyofaa kwa miguu mifupi. Uji utaongezwa soya na karanga, kwani unga mtupu hushibisha tumbo bila kujenga mwili.

La tano ni mlango wa alasiri. Kwa sasa chumba hufungwa saa sita mchana, na soko halifungwi saa hiyo. Kwa hiyo yule dada wa miaka 9 tuliyemtaja bado anakosa masomo ya mchana. Mama Wakatoliki wamejitoa kwa zamu kulinda watoto hadi saa kumi. Tusipofanya hili, tutakuwa tumemsaidia mdogo huku tukimwacha mkubwa.

Hatudhani kwamba mambo hayo ni rahisi. Baadhi ya mashirika yana nyumba nyingi na fedha kidogo. Mengine yana fedha na hayana moyo bado. Iko hofu kwamba watu watadanganya, kwamba mwenye nguo nzuri atajiita maskini. Huenda itatokea. Sisi tunaona ni heri kudanganywa mara tatu kuliko kumrudisha tena mtoto mmoja wa kweli barabarani.

Wazee walituachia neno kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kampuni ilikuwa mkono mmoja, wenye nguvu sana, na uliponyauka tuliona yaliyotokea. Mama zetu chini ya mwembe walikuwa mikono mingi midogo, na kazi yao ingali hai.

Enyi Mapadri na wageni wetu, mkitoka katika Misa ya jubilei piteni nyuma ya kanisa. Mtawakuta watoto na nyimbo zao, na mwembe bado upo. Karibu na mlango tumeweka mfuko mdogo wa makala. Usiku wa kuamkia sikukuu mtoto mmoja alimwuliza mpishi kwa nini hayapikiwi. Mpishi alimjibu kwamba hayo yana mwenyewe, na tunamngoja.

Tunamshukuru Mungu Baba kwa miaka 50 aliyotujalia. Tunawaombea pumziko la milele watawa, wauguzi, walimu na mama waliotutangulia katika kazi hii. Na yule mtoto aliye upande wa Kasenga, ambaye leo labda amekuwa kijana, Bikira Maria amtunze, na akipita siku moja katika mji huu, akute mlango wetu wazi.